Biti isiyo na rapa: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Mbona hakuna anayechana?" Prodyuza anayetoa biti za hip hop au fanki zisizo na maneno huulizwa hivyo kila mara, yaani mbona hakuna anayerap juu yake. Wanaouliza wanaamini biti ni shamba lililolimwa, linamngoja rapa aje kupanda. Si kweli. Mwaka 1996 DJ Shadow wa California alitoa albamu yake ya kwanza, ameiunga kwa vipande vya santuri za zamani, na kitabu cha rekodi cha Guinness kikaitambua kuwa ya kwanza kutengenezwa kwa sampo tupu, yaani vipande vilivyochukuliwa kwenye rekodi nyingine. Kisha tarehe 7 Februari 2006, siku aliyotimiza miaka 32, J Dilla wa Detroit alitoa Donuts: vipande 31, vingi havifiki hata dakika mbili. Alifariki siku tatu baadaye. Sikiliza anavyokata sauti ya mwimbaji katikati ya neno na kuirudisha mpaka inakuwa kilio. Hapo rapa angeongeza nini?

Linaloniumiza zaidi ni hili: "Kazi yote inafanywa na mashine." Akai MPC60, mashine ya kutengenezea biti, ilitoka mwaka 1988, imebuniwa na Roger Linn, na ina vitufe 16 vya kupiga kwa vidole. Ndani yake kuna kipimo cha kuyumbisha mdundo, kinachoanzia asilimia 50. Hapo mapigo yamenyooka kama gwaride. Ukipandisha kufikia 66 hivi, kila pigo la pili linachelewa na mdundo unaanza kutembea kwa madaha. Dilla hakuyaacha mapigo yote yanyooshwe na mashine: mengine aliyapiga kwa mkono wake na kuyaacha yalivyoangukia. Mashine yake, MPC3000, leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington.

Jaribu mwenyewe. Chukua vipande vitatu vya dramu, yaani besi dramu (ngoma nzito ya chini), snea (ngoma ya mlio mkali) na haihati (matoazi mawili), mapigo manne tu. Isogeze snea ichelewe kidogo sana, chini ya sehemu moja ya hamsini ya sekunde: mdundo mzima unaegemea nyuma, kama mtu aliyekaa kitini akiwa ameshiba. Iwahishe kwa kiasi hichohicho, na mdundo unakuwa na haraka. Kompyuta itakubali yote mawili bila kinyongo. Sikio ndilo linalochagua, na linafunzwa kwa miaka.

Eti bila vifaa vya bei mbaya hutoki? Hata uwezo mdogo haukuwazuia watu: kwenye E-mu SP-1200, mashine ya sampo ya mwaka 1987, sampo zote pamoja hazikuzidi sekunde 10 hivi. Watu walikuwa wakicheza santuri ya kasi ya mizunguko 33 kwa dakika kwenye kasi ya 45, wanairekodi imebanwa, kisha wanaipunguza kasi ndani ya mashine. Waliokoa karibu robo ya nafasi, na sauti ikatoka na ukwaruzo ambao leo watu hulipia programu ili waupate.

Na kujitegemea si dalili ya kukataliwa na lebo, yaani kampuni za kurekodi. Wengi wamechagua kubaki na hakimiliki za rekodi zao, ingawa wanabeba kila kitu wenyewe, kuanzia kuchanganya sauti hadi kasha la albamu.

Imani yenye hatari ni ile ya "sekunde chache ni bure". Wimbo mmoja una haki mbili: ya utunzi na ya rekodi. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa nchini Marekani, katika kesi ya kipande cha gitaa cha sekunde mbili tu cha bendi ya Funkadelic, iliamua kwamba kuchukua rekodi kunahitaji leseni, hata kama ni kidogo. Mwaka 2016 mahakama nyingine ya rufaa hukohuko ikakataa msimamo huo. Kwa hiyo hakuna idadi ya sekunde inayokupa kinga.

Tena sheria haimfikii kila anayestahili. Clyde Stubblefield ndiye aliyepiga dramu za Funky Drummer, wimbo wa mwimbaji James Brown, uliotoka mwaka 1970. Mdundo wake umesampuliwa katika mamia ya nyimbo. Kwa kuwa hakuandikwa kuwa mtunzi, mrabaha wa utunzi haukumfikia hadi alipofariki mwaka 2017. Ndiyo maana napenda prodyuza anapomwita mpiga dramu, wakarekodi mapigo mapya pamoja, na jina lake pamoja na fungu lake vikaandikwa kabla biti haijatoka.