Kwa nini ramu husahau umeme ukikatika

"Fundi, laptopu yangu memori imejaa." Maneno haya nayasikia karibu kila siku, na kila mara inanibidi niulize: memori ipi? Picha na mafaili yako yanakaa kwenye diski, na yatabaki humo hata ukizima mashine. Ramu ni kitu kingine: ni mahali ambapo prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, huweka kile inachokishughulikia sasa hivi. Umeme ukikatika kabla hujasevu, kilichokuwa humo kimepotea. Wateja huniuliza kwa nini watengenezaji waliiacha iwe hivyo, na jibu limo katika historia yake.

ENIAC, kompyuta ya zamani iliyozinduliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1946, ilikuwa na valvu (bomba za kioo zilizofanya kazi kama swichi za umeme) karibu 18,000 na uzito wa tani 30 hivi. Lakini haikuwa na kumbukumbu ya kuweka programu: kuibadilishia kazi kulihitaji watu kuhamisha nyaya na kupanga swichi upya, pengine kwa siku kadhaa. Mambo yaligeuka Manchester, Uingereza, tarehe 21 Juni 1948. Wahandisi Freddie Williams na Tom Kilburn walitumia bomba la kioo kama lile la televisheni za zamani, wakaandika biti (kila biti ni 0 au 1) kwa nukta za chaji ya umeme. Nukta zilififia upesi, kwa hiyo mashine ilizisoma na kuziandika upya bila kupumzika. Kumbukumbu yote ilikuwa biti 1,024. Programu ya kwanza ilikuwa na maagizo 17, ikachukua dakika 52 kutoa jibu.

Kisha, katika miaka ya 1950, zikaja pete ndogo za sumaku zilizotungwa kwenye nyaya kama shanga, kila pete biti moja. Hizo hazikusahau umeme ulipokatika! Ila zilitungwa kwa mkono, sehemu nyingi na wanawake wenye vidole vyepesi na subira kubwa, na bei ilikuwa ya juu.

Mwaka 1966 Robert Dennard wa IBM alipata wazo ambalo mimi hulihesabu kuwa kubwa kuliko yote katika habari hii: biti moja, transista moja (swichi ndogo ya umeme) na kapasita moja (kihifadhi kidogo cha chaji), basi. Kapasita hiyo huvuja chaji yake. Ndiyo maana ramu ya leo huandikwa upya, safu kwa safu, kila baada ya milisekunde 64 hivi, ile ile kazi ya Manchester. Lakini kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi: kwa kukubali uvujaji, biti ikawa ndogo na rahisi kuliko pete yoyote. Mwaka 1970 Intel ilitoa chipu ya 1103 yenye biti 1,024, idadi ile ile ya Manchester, sasa ndani ya kipande kinachotoshea kwenye ncha ya kidole. Ramu ya GB 8 ninayokufungia leo ni mara milioni 67 ya hapo.

Basi kabla hujaja kwangu, fungua programu unazotumia kila siku, kisha kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager. Kama asilimia ya memori inakaribia 100, ongeza ramu. Kama iko chini na ni diski C iliyogeuka nyekundu, futa au hamisha mafaili; ramu mpya haitakusaidia kitu.