Traka sio mganga, msinilazimishe nitaje mnyama

Jamani naomba niseme tena maana hili linarudi kila mbuzi akiliwa. Watu wanaamini traka, yaani msoma nyayo, mzuri ni yule akiinama tu anatamka: simba, dume, kapita saa nane usiku. Asipotamka wanasema huyu hajui kazi, leteni mwingine. Na mwingine hakosekani, huyo anatamka.

Ukitaja simba pale zizini mbele ya vijana wenye hasira, jioni haifiki mikuki imeshatoka, au mbaya zaidi mzoga unatiwa Furadan, ile sumu ya wadudu, halafu wanakufa tumbusi, fisi na hadi mbwa wa boma wenyewe. Simba labda hata hakupita. Kwahiyo mtu akiniambia "sema tu, hatutakulaumu" nazidi kuwa mgumu.

Sasa nyayo. Siku hizi kila mtu kaona video, anajua jamii ya paka hawaonyeshi kucha. Sawa, simba na chui wanazikunja, za duma, fisi na mbwa zinaonekana. Ila nendeni kwenye tope la mteremko muone chui akiteleza, kucha zimechora vizuri tu! Mimi naanza na kitanga: simba na chui kwa nyuma kina vifundo vitatu, cha fisi kimekaa upande upande, na mguu wake wa mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma. Haya, tuseme nina uhakika ni fisi. Bado sijajibu swali lenu, maana fisi anakuja kula mzoga aliouua mnyama mwingine kila siku. Swali ni nani alifika kwanza, kwahiyo natafuta unyayo uliokanyaga mwingine, naangalia mburuzo umepita juu ya nini, na shingo ikiwa imebaki naichuna ngozi nione kwa ndani, matundu ya meno yenye damu iliyovilia chini ya ngozi ni ya mbuzi aliyeng'atwa akiwa hai, yasiyo na damu ni ya walaji wa baadae. Hiyo kazi inachukua asubuhi nzima na nusu ya kijiji imeshazunguka zizi na kandambili.

Mbwa wa kijiji yeye anararua ovyo, mapaja, masikio, makalio, anaacha mbuzi watatu hawajaliwa. Hapo ndo ugomvi unapoanza, kwasababu kifuta jasho, ile pesa ya serikali kwa aliyeliwa mifugo kwa kanuni za Tanzania za 2011, ni cha wanyama wakali wa porini, mbwa wa jirani halipiwi. Nikiandika mbwa, wanasema nimehongwa na serikali. Nimeshazoea.

Na umri wa unyayo? Vitabu vinasema angalia kingo zinavyobomoka. Kwenye mchanga mkavu wenye upepo, kusema kweli, mimi sitofautishi masaa matatu na kumi. Umande ukiwa umedondoka juu ya alama angalau najua ilikuwepo kabla ya alfajiri, zaidi ya hapo naandika "labda". Hata kwenye mtihani wa matraka wa CyberTracker, ule alioanzisha Louis Liebenberg Afrika Kusini, swali jepesi ukikosa unakatwa zaidi kuliko gumu, na hao wanaotamka haraka huwa wanaangukia hapohapo kwenye mepesi.

Nyayo za binadamu ndo kabisa. Naweza kusema kavaa katambuga, kaelekea mtoni, labda kabeba mzigo, na hilo la mzigo siku hizi nalisema kwa kusita maana kuna watu wanakanyagia kisigino tu hata mikono mitupu. Kutaja jina la mtu, hapana. Fundi mmoja anakata katambuga za mnada mzima, leo nitamjuaje mwenye nazo? Piga picha na rula pembeni, upelelezi waachie wenye kazi yao.

Picha za faru na chui mwenye watoto sirefushi: zima lokesheni ya simu, usiposti siku hiyohiyo. Na mtalii kulipa sio ruhusa ya kumsogelea chui mpaka aache nyama yake.

Mkiniita, kabla ya kuwapigia majirani funikeni nyayo na beseni au sufuria, wekeni miiba kuzunguka, mzoga msiuguse. Na mbwa fungeni, wote, hata yule mnayesema hajawahi kung'ata.