Ndoa Isiyo na Mtoto ni Ndoa Kamili

Katika utumishi wangu kwenye mahakama ya ndoa ya Kanisa Katoliki, nimewapokea watu wengi wanaotaka kujua kama ndoa yao ni halali ilhali wameishi miaka mingi bila kujaliwa mtoto. Wakati mwingine anayeuliza si mume wala mke, bali ni mzazi au mzee wa ukoo ambaye amekwisha kukata shauri kwamba mke arudishwe kwao na mahari idaiwe. Jibu la Kanisa ni kwamba ndoa hiyo ni halali na haijapungukiwa na chochote, na nafikiri waamini wanastahili kuelezwa sababu zake kwa ukamilifu.

Kinachofanya ndoa iwe ndoa ni ridhaa ya wawili. Papa Nikolasi wa Kwanza aliwaandikia Wabulgaria hivyo mwaka 866, kwamba ridhaa ikikosekana, mengine yote hayana maana hata kama yametimizwa. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1563, uliagiza ridhaa hiyo itolewe mbele ya paroko na mashahidi, hasa kwa sababu ndoa za siri zilikuwa zimeleta madhara makubwa, lakini haukubadilisha msingi wenyewe: katika mapokeo yetu ya Kilatini, bwana harusi na bibi harusi ndio wanaopeana sakramenti, na padre huipokea ridhaa yao kwa niaba ya Kanisa. Agano hilo linapofungwa, na kisha kukamilishwa kwa tendo la ndoa, hakuna mamlaka ya kibinadamu inayoweza kulivunja. Mtoto akija ni baraka ya agano ambalo tayari lipo.

Je, Kanisa halifundishi kwamba ndoa ipo kwa ajili ya uzazi? Linafundisha, na sitaki kulipunguza fundisho hilo. Mtakatifu Agostino, mnamo mwaka 401, alitaja mema matatu ya ndoa: uzao, uaminifu na sakramenti. Lakini katika maandiko hayohayo aliona kwamba, kama uzazi ungekuwa ndio wema pekee, muungano wa wazee, hasa waliofiwa na watoto au ambao hawakuzaa kabisa, usingestahili kuitwa ndoa. Kwa hiyo akaweka pamoja na uzazi ule ushirika wa asili wa mume na mke. Sheria za Kanisa za mwaka 1917 zilitaja uzazi na malezi kuwa lengo la kwanza, na kusaidiana kuwa la pili. Kwa maoni yangu, mpangilio huo uliacha alama kubwa katika fikra za watu kuliko ilivyokusudiwa, kwa maana sheria hizohizo zilikiri kwamba utasa haubatilishi ndoa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulisema waziwazi kwamba ndoa haikuwekwa kwa ajili ya uzazi tu, na kwamba inadumu kuwa ushirika wa maisha yote hata pale watoto waliotamaniwa sana wanapokosekana. Sheria za mwaka 1983, katika kanuni ya 1055, zinataja kwa pamoja manufaa ya wanandoa na uzazi pamoja na malezi ya watoto, bila kuyapanga kwa daraja.

Kanuni ya 1084 ya sheria hizo za 1983 inatenganisha mambo mawili ambayo mazungumzo ya nyumbani huyachanganya. Kutoweza tendo la ndoa, kama hali hiyo ilikuwapo kabla ya ndoa na ni ya kudumu, hubatilisha ndoa. Utasa, uwe wa mume au wa mke, hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Mahakama huchunguza jambo jingine kabisa inapomkuta mtu aliyefunga ndoa huku ameazimia kumnyima mwenzake haki ya kupata watoto, au aliyejua kwamba hawezi kuzaa akamficha mwenzake kwa hila ili akubaliwe. Hapo kasoro imo katika ridhaa yenyewe, na tumbo lisilozaa halihusiki.

Liturujia nayo inashuhudia hivyo. Kabla ya ridhaa, wachumba huulizwa kama wako tayari kuwapokea kwa upendo watoto watakaojaliwa na Mungu, na kuwalea katika sheria ya Kristo na Kanisa lake. Swali hilo linaweza kuachwa iwapo wachumba ni wazee. Wajane wenye umri wa miaka sabini hufunga ndoa altareni, na sakramenti wanayopeana ni ileile ya vijana.

Katika Maandiko, Zakaria na Elisabeti wanaitwa wenye haki mbele za Mungu katika mstari wa sita wa sura ya kwanza ya Injili ya Luka, kabla ya mstari wa saba kusema kwamba hawakuwa na mtoto. Elkana naye alimwuliza Hana, aliyekuwa akilia kwa kukosa mtoto, "Je! Mimi si bora kwako kuliko watoto kumi?" Uchungu wa Hana haukuondoka kwa swali hilo, na mchungaji wa roho asiudharau uchungu wa namna hiyo. Hata hivyo, mume alimpenda mkewe bila kungoja azae.

Ninalowaomba maparoko na makatekista ni kwamba mafundisho ya ndoa yasiishie kwa wachumba. Wazazi na wasimamizi waitwe walau mara moja, waelezwe kanuni hii, waelezwe pia kwamba tatizo la uzazi huwapata wanaume kama linavyowapata wanawake, ili pasiwepo anayepeleka lawama kwa mke kabla wote wawili hawajapimwa hospitali. Na wanandoa ambao watoto hawakuja waonyeshwe njia ambazo Papa Yohane Paulo wa Pili alizitaja mwaka 1981, zikiwemo kuasili mtoto, kazi za malezi na kuzisaidia familia nyingine.