Kubadilisha mfumo wa hewa mgodini: yanayosemwa na ukweli wake

"Hewa haitoshi? Wekeni feni kubwa zaidi." Ukitaka hewa mara mbili katika njia ileile, msukumo unaohitajika ni mara nne, na nguvu ya kuendesha feni ni mara nane. Kwa hiyo kwanza kagua njia yenyewe: paa limeporomoka wapi, kuta zipi zinavujisha hewa. Mara nyingi kupanua njia ya kutolea hewa kunafaa kuliko feni mpya.

"Hewa zaidi ni usalama papo hapo." Methani, gesi inayotoka kwenye makaa ya mawe, hulipuka ikifikia kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Penye asilimia 30 hailipuki, lakini ukipeleka hewa huko, kiwango kinaposhuka lazima kipite katika eneo lile la mlipuko. Tena gesi iliyosukumwa kutoka huko huenda ikapita walipo watu. Haina harufu ya kumwonya mtu, na kwa wepesi wake hujikusanya darini.

"Tunarekebisha upande mmoja tu, wengine waendelee na kazi." Dhana hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Matawi yote ya mgodi hugawana mkondo mmoja. Ukifungua mlango wa hewa huku, kule inapungua, na aliye kule hajui. Nchini Marekani, sheria inataka kwamba wakati wa badiliko kubwa la makusudi, wabaki mgodini wanaolifanya tu. Umeme wa maeneo yanayoguswa hukatwa na mashine huzimwa kabla ya kazi kuanza.

Ukali huo una sababu. Machi 9, 1976, katika mgodi wa Scotia, Kentucky, methani ililipuka sehemu isiyopata hewa ya kutosha, wakafa wachimbaji 15. Siku mbili baadaye mlipuko wa pili uliua watu 11, watatu kati yao wakaguzi wa serikali. Mwaka uliofuata Marekani ilipitisha sheria mpya ya usalama migodini.

"Feni kuu yaweza kukaa popote." Katika mgodi wa Pike River, New Zealand, feni kuu iliwekwa chini ya ardhi. Novemba 19, 2010 mgodi ulilipuka, watu 29 wakafa, na feni hiyo nayo ikaharibika.

"Feni ikishawaka, kazi imekwisha." Bado. Mtu mwenye cheti huzunguka akipima methani na oksijeni katika maeneo yaliyoguswa. Wachimbaji hawarudi kabla hajamaliza.