Mnyororo wa kifaru cha rimoti: ukazwe kiasi gani, na kwa kirekebishi gani

Kifaru changu cha kwanza cha skeli ya 1/16 kilikuwa modeli ya Tiger I, kifaru cha Ujerumani cha Vita vya Pili vya Dunia, yenye bodi ya plastiki, na kila nilipokata kona kwenye zulia mnyororo wa kushoto ulichomoka. Nikafanya lile ambalo karibu kila mgeni wa kazi hii hufanya: nilitoa pini, nikaondoa pingili moja (kipande kimoja cha mnyororo), nikaufunga tena kwa kuulazimisha. Mnyororo haukuchomoka tena. Majuma machache baadaye giya moja ndani ya giaboksi ilipukutika meno, na nilipofungua bodi nikakuta ekseli ya gurudumu la nyuma imeinamia mbele, na tundu lake kwenye plastiki limetanuka likawa na umbo la yai.

Tangu hapo nimetengeneza vifaru vingi, vyangu na vya wenzangu, na jambo ninalolirudia kuliko yote ni hili: pingili ni kipimo kikubwa mno cha kurekebishia mkazo. Kifaru kinahitaji kirekebishi kinachosogea kwa sehemu ndogo ya milimita na kisichocheza hata kidogo kikishafungwa.

Tuelewane kwanza kwa majina. Sproketi ni gurudumu lenye meno, linaloendeshwa na mota. Upande wa pili wa kifaru kuna gurudumu lisilo na mota ambalo kazi yake ni kuugeuza mnyororo na kuushika. Nitaliita gurudumu la mkazo. Katikati kuna magurudumu ya chini yanayobeba uzito, na vifaru vingine vina rola ndogo za juu. Basi.

Hesabu ifuatayo ndiyo iliyobadilisha namna ninavyoshika bisibisi, kwa hiyo nivumilie. Chukua kipande cha mnyororo kinachoning'inia kati ya sehemu mbili zilizoachana milimita 100. Kikibonyea katikati kwa milimita 6, urefu wake umezidi ule wa mstari ulionyooka kwa milimita 0.96 tu. Kikibonyea milimita 3, ziada ni 0.24. Kikibonyea milimita 1.5, ziada ni 0.06. Unaipata ziada hiyo kwa kuzidisha mraba wa mbonyeo mara 8, kisha kugawanya kwa umbali mara 3. Na kila unapopunguza mbonyeo kwa nusu, nguvu inayouvuta mnyororo huongezeka maradufu. Maana yake, kutoka mnyororo unaobonyea vizuri hadi ule uliokazwa kama uzi wa gitaa, haifiki hata milimita moja nzima.

Linganisha sasa na pingili. Tiger I halisi ilikuwa na pingili 96 kila upande, na kutoka pini moja hadi ya pili ni milimita 130. Gawanya kwa 16: milimita 8.1. Mimi nilikuwa na shida ya milimita moja au mbili, nikaitibu kwa milimita nane. Zile sita zilizobaki zilitafuta pa kwenda, na zilipata: ekseli ikapinda, plastiki ikatanuka, giya ikabeba mzigo usio wake.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini mnyororo mpya wa chuma hulegea haraka. Pini na tundu lake zikilika kwa milimita 0.05 tu, kiasi ambacho jicho halioni, mara 96 zinakuwa milimita 4.8. Hiyo ni zaidi ya nusu ya pingili. Mnyororo haukuvutika kama mpira. Umelika kidogo kila mahali.

Sasa kuna jambo ambalo watu wengi hulipita, nalo ni kujua ulegevu unakwenda wapi kifaru kikiwa kwenye mwendo. Ukienda mbele, sehemu ya juu ya mnyororo husafiri kuelekea mbele. Kwa Tiger, Panther na Sherman sproketi iko mbele, kwa hiyo inauvuta mnyororo kutoka juu. Mvuto unapita juu yote, unazunguka gurudumu la mkazo kule nyuma, na ulegevu wote unatemwa mbele chini, kati ya sproketi na gurudumu la kwanza. Kwa T-34, Leopard 2 na M1 Abrams sproketi iko nyuma. Hiyo inavuta kutoka ardhini. Sehemu ya juu hulegea, na gurudumu la mkazo lililoko mbele linapumzika. Ukirudi nyuma, mambo hugeuka. Ukisimama ghafla yanageuka pia, kwa sababu mota inayofunga breki ni kama mota inayovuta upande wa pili.

Ndiyo maana kifaru kinaweza kwenda mbele siku nzima bila tatizo, kisha kikachomoa mnyororo mara tu unaporudi nyuma huku unakata kona. Kona ndiyo inayousukuma mnyororo kando, lakini ni ulegevu uliojikusanya mahali pabaya unaoupa nafasi ya kupanda juu ya meno. Wabunifu wa vifaru halisi walilijua hili. M46 ya Marekani, yenye sproketi nyuma, iliwekewa gurudumu dogo la kukazia kati ya gurudumu la mwisho la chini na sproketi, palepale ulegevu unapojikusanya kifaru kikirudi nyuma. Kwenye Abrams, gurudumu la mkazo limeunganishwa na mkono wa gurudumu la kwanza la chini. Gurudumu hilo likipanda kwenye kizuizi na njia ya mnyororo ikafupika, la mkazo linasukumwa mbele kuchukua ziada.

Kutokana na hilo, nina msimamo kuhusu marekebisho yanayopendwa sana: kuweka springi nyuma ya gurudumu la mkazo. Kwa kifaru chenye sproketi mbele, sipendekezi. Ukikanyaga mwendo, mvuto wa mnyororo unazunguka gurudumu hilo, kwa hiyo linavutwa na pande zote mbili za mnyororo kwa pamoja. Springi inabonyea, gurudumu linasogea mbele, na urefu wote uliopatikana unatokea chini ya sproketi. Springi inalegeza mnyororo wakati uleule unaouhitaji ukaze. Kwa kifaru chenye sproketi nyuma springi inavumilika zaidi, maana ukienda mbele gurudumu la mkazo halina mzigo mkubwa, ingawa tatizo litarudi kwenye breki na kwenye kurudi nyuma. Ukilazimika kuiweka, chagua springi ngumu iliyobanwa tangu mwanzo, na uweke kizuizi cha chuma kisichoruhusu isogee zaidi ya milimita 2.

Ninachokipendelea ni kimoja kati ya viwili. Cha kwanza ni kirekebishi cha kuteleza: ekseli ya gurudumu la mkazo imeshikwa kwenye kipande cha chuma kinachosogea ndani ya mfereji, na bolti moja inakisukuma. Bolti ya M3 (yenye kipenyo cha milimita 3) husogea milimita 0.5 kwa kila mzunguko. Kwa kuwa mnyororo unaingia juu na kutoka chini ya gurudumu, mzunguko mmoja unachukua karibu milimita 1 ya urefu wa mnyororo, na robo ya mzunguko inakupa usahihi wa kutosha kabisa.

Cha pili ni mkono wenye ekseli mbili zisizo kwenye mstari mmoja, mithili ya pedali ya baiskeli. Unauzungusha mkono, gurudumu linakwenda nyuma au mbele. Vifaru vingi halisi vilifanya hivi, na kwenye modeli unapendeza kwa kuwa hauonekani kwa nje. Lakini pembe ina maana kubwa. Tuseme mkono una urefu wa milimita 8. Ukiwa umesimama wima, ukiuzungusha nyuzi 45 kuelekea upande wa kukaza, gurudumu linasogea milimita 5.7. Nyuzi 45 zinazobaki hadi ulale kabisa zinaongeza 2.3 pekee. Mkono ulio wima unasogea haraka, na pia ndio unaosukumwa vibaya zaidi na mvuto wa mnyororo, hivyo kufuli yake huteleza. Mkono uliokaribia kulala unasogea polepole na karibu ujishikilie wenyewe. Kwa hiyo chagua idadi ya pingili itakayouacha mkono kwenye nusu ya pili ya safari yake, mnyororo ukiwa umekaa sawa. Kama kufuli ya mkono ni skrubu inayobana ekseli laini, suga upande mmoja wa ekseli kwa tupa uwe bapa ili skrubu ipate pa kukanyaga. Kufuli yenye nyuso mbili za meno yanayoingiliana ni bora kuliko zote.

Vyovyote utakavyochagua, pima safari yake kabla hujakifunga. Kirekebishi kinapaswa kusogea zaidi ya nusu ya urefu wa pingili, yaani zaidi ya milimita 4.1 kwa Tiger ya 1/16. Kikiwa na safari fupi kuliko hiyo, utafikia mahali ambapo pingili zilizopo ni nyingi mno na ukitoa moja zinakuwa chache mno, na hakuna skrubu itakayokusaidia.

Kufunga kwenyewe kunategemea bodi. Bodi ya chuma haina shida. Bodi ya plastiki haitakiwi kuubeba mvuto huu peke yake, hata kama kirekebishi ni cha chuma tupu. Mimi hukata bamba la alumini au shaba ya njano lenye unene wa milimita 2, kubwa kadiri ukuta wa ndani unavyoruhusu, nikalishika kwa skrubu nne zilizo mbalimbali, kisha nikatoboa tundu la ekseli kupita bamba na plastiki kwa pamoja. Nikiweza, naunganisha bamba la kushoto na la kulia kwa fimbo inayokatiza ndani ya bodi. Fimbo hiyo ndiyo inayozuia kuta zisiinamiane pale minyororo yote miwili inapovuta. Kwa nati tumia zile zenye pete ya nailoni. Gundi ya kufungia thredi ni nzuri kwa chuma na chuma, ila iweke mbali na plastiki ya ABS. Inaweza kuifanya ipate nyufa, tena siku kadhaa baada ya kazi kwisha.

Kabla ya kurudisha mnyororo, weka rula ndefu iguse uso wa sproketi na uso wa gurudumu la mkazo. Zinapaswa kuwa kwenye mstari mmoja, na gurudumu lisiegemee ndani kwa juu. Kosa la milimita moja hapa linachomoa mnyororo hata ukiwa na mkazo sahihi, na nimeona watu wakikaza na kukaza wakati dawa ilikuwa washa moja (pete bapa) nyembamba nyuma ya gurudumu. Halafu ushike mnyororo kwa ncha moja uning'inie, uupitishe juu ya kidole. Kila pingili ikunjike kwa uzito wake yenyewe. Inayobaki imekakamaa, toa pini yake, safisha tundu, uirudishe. Kwa ulainishaji natumia unga wa grafiti. Oili hushika mchanga, na mchanga na oili ni msasa.

Kupima mkazo mezani hakutoshi. Endesha kifaru mbele polepole kwa mita moja kwenye sakafu tambarare, kikome chenyewe bila breki, ndipo uangalie. Kifaru chenye rola za juu: mnyororo ubonyee wazi kati ya rola na rola, lakini usiguse magurudumu ya chini. Tiger na T-34 hazina rola, kwa hiyo sehemu ya juu inatakiwa ilale juu ya magurudumu. Mnyororo wa Tiger unaoelea hewani umekazwa kupita kiasi. Kisha bonyeza magurudumu ya chini moja baada ya jingine kwa kidole. Lisilopanda kwa sababu mnyororo umelizuia linakuambia ulegeze.

Rudi nyuma mita moja, tazama tena, safari hii macho yako yakiwa kwenye sproketi. Mwisho zungusha kifaru papo hapo, kulia na kushoto, kwenye sehemu ngumu kuliko zote utakazokiendeshea. Sauti ya "tak, tak" ni meno yanayorukwa: kaza robo ya mzunguko, jaribu tena. Ukiwa na amita, kiinue kifaru juu ya kigogo, endesha mota kwa mwendo mdogo na usome mkondo wa umeme, kwanza bila minyororo, kisha nayo, ukikaza hatua kwa hatua. Utaona namba ikipanda taratibu, halafu ghafla inaanza kurukia juu. Rudi nyuma kidogo ya hapo. Linganisha pia kushoto na kulia, maana upande uliokazwa zaidi unalipunguza kasi gurudumu lake na kifaru kitaegemea huko ukikiendesha moja kwa moja.

Mnyororo mpya wa chuma naupima tena baada ya kumaliza chaji ya betri ya kwanza, ya tatu na ya kumi. Kila mara naandika kwa kalamu, kwenye kipande cha utepe ndani ya bodi, idadi ya mizunguko niliyoongeza. Kirekebishi kikifika mwisho, ndipo natoa pingili moja, moja kila upande hata kama ni upande mmoja tu uliolegea, nakirudisha kirekebishi nyuma, na kuanza kuhesabu upya.