"Wafungulie Wote Tu": Dhana Potofu Kuhusu Ruhusa za Folda za Pamoja

Kila Juni inapofika, idara za ofisi hapa Dodoma zikiwa zinang'ang'ania jedwali moja la bajeti kabla mwaka wa fedha haujafungwa, ofisa TEHAMA huletewa lalamiko lilelile pamoja na dawa yake: "Folda inakataa. Wafungulie wote tu, tufanye kazi." Dawa hiyo nimeisikia mpaka imenichosha, na kinachoudhi zaidi ni kwamba aghalabu huipendekeza mafundi wenzetu, ambao walipaswa kujua zaidi.

Kulipatia kundi la Everyone, yaani kila mtumiaji, udhibiti kamili hakutibu tatizo la ruhusa, na mara nyingi hata hakufanyi kazi. Kwenye seva ya Windows, anayeifikia folda kupitia mtandao hupimwa mara mbili, kwanza kwa ruhusa za kushea, zinazohusu kuifikia folda kwa mtandao, na kisha kwa ruhusa za NTFS (mfumo wa Windows wa kuhifadhi mafaili kwenye diski) zilizo kwenye folda yenyewe, na anachopata ni kile kilicho finyu zaidi kati ya hizo mbili. Fundi hufungua kichupo cha usalama, ziliko ruhusa za NTFS, akatia alama kila kisanduku, ilhali upande wa kushea umeachwa kwenye kusoma tu. Mhasibu analifungua jedwali lake vizuri, ila akitaka kulihifadhi anaambiwa hana ruhusa. Fundi anakwenda kuketi mbele ya seva, anaifungua folda moja kwa moja kutoka kwenye diski, na faili linahifadhiwa bila kinyongo, kwa sababu aliyeingia kwa njia hiyo hapitii ruhusa za kushea hata kidogo. Hapo ndipo mtandao unapolaumiwa, na nyaya zisizo na kosa zinaanza kuchomolewa.

Hatimaye pande zote mbili hufunguliwa, malalamiko yanakoma, na sasa ndipo kuna tatizo la kweli. Udhibiti kamili si kusoma na kuandika peke yake. Unampa mtu pia mamlaka ya kubadili ruhusa zenyewe na kujitwalia umiliki wa faili. Folda ya utumishi yenye namba za NIDA, akaunti za benki na mishahara inakuwa wazi kwa ofisi nzima, wakati Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayeshika taarifa za namna hiyo azilinde. Zaidi ya hayo, hakuna aliyejua kikwazo kilikuwa wapi.

Ushauri wangu, ambao sitaacha kuurudia, ni huu: upande wa kushea, wape watumiaji waliothibitishwa (Authenticated Users, yaani walioingia kwa akaunti zao) ruhusa ya kubadili mafaili, isiyo udhibiti kamili, kisha mipaka yote iwekwe kwenye NTFS kwa kutumia makundi. Usimpe mtu ruhusa kwa jina lake. Watumishi huhamishwa kitengo kila mara, na jina lililosahaulika kwenye folda ya manunuzi hubaki hapo miaka. Mtu akikataliwa, fungua mipangilio ya kina ya usalama (Advanced), nenda kwenye kichupo cha ruhusa halisi (Effective Access), andika jina lake, usome matokeo, kisha uyalinganishe mwenyewe na ruhusa za kushea. Ni kazi ya dakika chache, na haihitaji kuchomoa chochote.

Wengine huamini kwamba mtumiaji akishaongezwa kwenye kundi, seva izimwe na kuwashwa ili imtambue. Hapana. Orodha ya makundi yake hutengenezwa anapoingia kwenye akaunti, hivyo anayepaswa kutoka na kuingia upya ni yeye, kwenye kompyuta yake. Kufunika kompyuta mpakato na kuifunua si kutoka. Kuizima seva kunawakatia kazi watu ambao hawakuwa na tatizo lolote.

Ipo pia dhana kwamba faili likihamishiwa folda nyingine hufuata ruhusa za huko. Likinakiliwa, ndiyo; lakini likihamishwa ndani ya diski ileile, kwa kawaida huja na ruhusa zake za zamani. Ndiyo maana barua iliyotolewa kwenye folda ya mkurugenzi huonekana na kila mtu kwenye folda ya masijala, lakini hakuna anayeweza kuifungua.

Kuhusu kisanduku cha kukataza (Deny), kiacheni. Asiyepaswa kuingia asipewe ruhusa, inatosha. Katazo lililowekwa juu ya kundi humpata kila aliyemo, hata kama kundi lingine limemruhusu, na wapo mafundi waliojifungia nje wenyewe kwa kulikatazia kundi la Everyone.

Na alama ya dola ($) mwishoni mwa jina la folda ya kushea huificha kwenye orodha tu. Anayelijua jina ataliandika, na kama ruhusa ziko wazi, ataingia.