Mashetani Wangu Hawakutoka Pangoni

"Nataka ya asili kabisa, kama walivyochora mababu." Mteja wa picha za mashetani ninazochora akishasema hivyo, kinachofuata nakijua: ananitaka nimpokonye shetani simu aliyoishika. Simpokonyi.

Mababu gani hao? Michoro ya miambani kule Kolo, Kondoa, ni ya kale kweli, lakini si mama wa picha ninazouza, za kwenye hadibodi, ule ubao mwembamba wa kiwandani. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanzisha mtindo huu wa picha unaobeba jina lake, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, tena kwa rangi ya mafuta ya dukani. Hata ule umbo la mraba la picha mnalolisifia kwamba ni la kijadi ni hesabu ya fundi tu: bodi ya futi 4 kwa 8 inatoa vipande 8 vya futi 2 kwa 2, na hakuna cha kutupa.

Mashetani nao si wazee. Hadithi za viumbe wa porini Wamakonde wanazo tangu zamani, sikatai, ila kinyago cha shetani kama tunavyokijua kimeanza na mchongaji Samaki Likankoa, miaka ya 1950. Baadaye George Lilanga, naye mchongaji, akiwa Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii Dar es Salaam, miaka ya 1970, akawaingiza mashetani kwenye picha na masikio yao mapana na matumbo yaliyotokeza. Na aliwaweka wapi? Mjini, wanasengenyana na kugombana kama wapangaji wa nyumba moja. Aliwachora watu wa zama zake. Mimi wa kwangu wanapanda bodaboda na wanadaiwa kodi. Bibi anayesimulia hadithi huongeza chumvi kulingana na waliomzunguka. Mchoraji kwa nini azuiwe?

Eti ukitundika shetani sebuleni unamwalika. Kibanda changu kimejaa hao, na usiku anayenisumbua ni mbu.

Eti tunaota, tukiamka tunachora. Naanza kwa chaki, nafuta, nachora tena mpaka goti likae panapopinda goti.

Eti rangi zinatokana na majani na mizizi. Zinatoka koponi. Napaka usuli kwanza, naacha ukauke, ndipo viumbe, na madoa mwisho. Masika kazi inachelewa. Ukiuziwa picha, ibonyeze pembeni kwa kidole gumba. Ikinata, mwachie mwenyewe mpaka ikauke, na usikubali aifunge kwa gazeti: utafika nyumbani shetani ana matangazo ya vifo mgongoni.